Orodha ya Vitu vya Kupotea

Jina lake sitaliandika. Angekuwa hapa angenikumbusha kwamba hata jina mtu huazimwa tu, kisha angenieleza jambo hilo mpaka chai ipoe, ainywe hivyo hivyo baridi na kusema kwamba joto la chai haliko mikononi mwetu. Kijijini kwetu Jilore sote tulimwita Mwalimu, kwa kirefu Mwalimu wa ubatizo. Hakuwa pasta, wala hakufundisha shule. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa watu wazima kama mimi, tuliotoka katika nyumba ambazo wazee wetu bado waliwatambikia koma, yaani mizimu ya wahenga, mpaka pasta aje kutoka Malindi kutubatiza. Pasta alikuja mara moja kwa mwezi, na mvua zikishika hakuja kabisa. Siku hizo zote kanisa lilikuwa la Mwalimu.

Ninamwandika kwa sababu alinichekesha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwamkia, na kwa sababu nilimkosea. Katika miaka ile ya themanini ipo minne ambayo sikumpa shikamoo. Nikimwona anakuja njiani nilikata shambani kwa watu. Nitafika huko, lakini kwanza mumjue.

Mmisionari mmoja alipofunga virago kurudi kwao alimwachia Mwalimu kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo Mwalimu hakupata kujua kiliandikwa na nani. Alichojua ni kwamba kilihusu Wastoiko, wale wenye hekima waliobishana na Paulo kule Athene. Alikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki, kwa miaka. Kilipokwisha alianza tena mwanzo, yaani pale mchwa walipoachia. Alikipenda kitabu kile, ingawa angekataa neno kupenda na kusema kwamba alikitumia tu.

Tulikuwa kumi na mmoja katika darasa letu, Jumatano na Jumamosi baada ya saa tisa, kwenye kibaraza cha kanisa.

"Fungueni viganja," alituambia siku ya kwanza. Tukafungua. "Mnaona nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Kimo. Imo hasira yako, umo ulimi wako, kumo kukubali kwako na kukataa kwako. Hivyo Mungu amekupa uvitawale. Mvua haimo humo. Nyani wa msituni hawamo. Mume wako hamo."

Msichana mmoja akauliza kama mume mwembamba naye hatoshei. Mwalimu alimtazama kwa huruma na kuendelea. Wastoiko, alisema, walijua kukiacha kitu kitoke kiganjani bila kupiga kelele, ila hawakujua nani anakipokea. Sisi tunamjua anayekipokea, na bado tunapiga kelele. Hilo lilimuudhi kweli. Aliona aibu mbele ya watu wale waliokufa zamani, kwamba sisi tuliopewa zaidi tunafanya kidogo.

Aliamini pia kwamba Mungu, alipokuwa akiwaandaa Wayahudi kwa manabii, aliwaandaa Wayunani kwa Wastoiko, na fundisho hili alilirudia mara nyingi kuliko Amri Kumi. Matokeo yake yalionekana pasta alipokuja kututahini. Alituuliza swali jepesi kabisa: ni nani aliyetumwa mbele kumtengenezea Bwana njia?

"Wastoiko!" tulijibu sote kumi na mmoja, kwa sauti moja.

Pasta akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akatazama makuti ya paa.

"Na Yohana Mbatizaji," akaongeza taratibu, "kwa upande wa Wayahudi."

Tulibatizwa hivyo hivyo, kwa kuwa mto Sabaki ulikuwa unajaa na pasta aliogopa kulazimika kulala kwetu.

Nilipoolewa, nyumba yetu ilitazamana na ya Mwalimu, katikati shamba la mihogo. Ndipo nikaijua orodha yake. Kila asubuhi, kabla ya uji, alisimama uani na kuvitaja vitu vyake kimoja kimoja kama vile vimekwisha kwenda. Ilikuwa sala aliyoitunga mwenyewe, nusu ya kitabu na nusu ya kanisa. "Baiskeli hii itaibwa, na jina lako lihimidiwe. Mbuzi huyu mweusi atakufa, na jina lako lihimidiwe. Mahindi haya yataliwa, macho haya yatapofuka, meno haya yatang'oka, na jina lako lihimidiwe." Shabaha yake ilikuwa kwamba siku jambo lenyewe likitokea limkute amekwisha kulizoea.

Jikoni Mama Mwalimu, mkewe, alikuwa akikoroga uji na kusikiliza. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, asiyejua kusoma na asiyeshindwa maneno.

"Na mimi je, Mwalimu?" alipaaza sauti. "Mbuzi nimemsikia."

Mwalimu alikohoa kidogo na kurudi kwenye baiskeli. Miaka yote ile sikumsikia hata mara moja akimtaja mkewe kwenye orodha. Mama Mwalimu alimlalamikia kila jirani aliyekuja kuomba chumvi kwamba ameolewa na mtu asiyempa hata heshima ya mbuzi.

Nisiseme kwamba mazoezi yale hayakumfaa kitu. Mwaka ule wa ukame, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, sote tulinung'unika juu ya harufu yake isipokuwa yeye. Alikula ugali ule kama anakula pilau. Lakini baiskeli ilipopotea kweli, ile iliyokuwa ikiibwa kila asubuhi kwa maneno, alihubiri ustahimilivu mpaka saa nne, na kufikia saa tano alikuwa ameshavaa viatu. Alizunguka Jilore nyumba kwa nyumba, ametoa macho, akiuliza nani amepita na tairi lenye kiraka chekundu. Ilikuwa imeazimwa na jirani yake mgema, tena kwa ruhusa ya Mwalimu mwenyewe, aliyoitoa jana yake akiwa anasoma. Jino lilipomuuma alitufundisha kwamba jino si yeye. Siku ya kuling'oa, walioketi foleni barabarani nje ya zahanati walisema kwamba jino na Mwalimu walikuwa na sauti moja.

Huyo mgema alikuwa na sababu zake za kumpenda. Kabla ya kuokoka Mwalimu alikuwa mnywaji wa tembo la mnazi, na si mnywaji wa mchezo. Alipoacha hakuridhika na kuacha tu. Alitaka kuhakikisha kila wiki kwamba tembo halimtawali. Kwa hiyo kila Jumamosi aliagiza kibuyu kimoja, akakiweka mezani na mrija wake, akakaa mbele yake kwa muda wa kuimba wimbo wenye beti tano. Kisha akakiambia, "Hunitawali," na kukirudisha kwa mgema, aliyekinywa.

"Dini za watu mimi siziingilii," mgema alimwambia mume wangu. "Lakini hii ya Mwalimu ni nzuri sana."

Mtu pekee aliyemtia Mwalimu katika tabu ya kweli alikuwa mkewe, na kwa swali moja tu. Alimuuliza mbele yetu tukimenya mihogo, na nadhani alikuwa amelikalia muda mrefu. "Mwalimu, unasema machozi ni ya mtu asiyejua. Bwana pale kaburini kwa Lazaro alijua anakwenda kumtoa. Basi alilia nini?"

Mwalimu alifikiri. Akasema, "Nitakujibu Jumapili."

Jumapili ilikuja, zikaja nyingine nyingi. Kila alipoanza kutusomea habari za Wastoiko, Mama Mwalimu aliuliza kwa upole ni Jumapili ipi.

Sasa nifike kwenye uchuro. Mgeni asiyetujua aelewe kwamba kwetu jambo baya halitajwi ovyo. Ukilitaja umeliita, na huo ndio uchuro. Na jambo zuri halisifiwi ovyo, hasa mtoto mchanga. Ukimwona amenona, macho makubwa, unamtazama na kusema "Kabaya haka!" ili jicho la mtu lisimpate. Jilore ilijaa watoto wabaya wenye mashavu. Mwalimu aliona haya yote ni upuuzi. Kumwita mtoto mbaya, alisema, ni kuwadanganya majini ambao hata hawapo, na mtu aliyebatizwa anakosa mara mbili. Unaweza kuona jinsi mtu huyu na orodha yake alivyokuwa akitembea mahali pabaya. Arusini alimwambia bibi arusi amtazame mumewe vizuri kwa kuwa ni wa kufa. Wanawake wenye mimba walizunguka kwa njia ya mtoni ili wasipite kwake.

Kubwa zaidi lilikuwa neno lake la shukrani. Mama akitimiza siku arubaini alimleta mtoto kanisani, Mwalimu akamweka mkono kichwani na kumwambia mama: "Huyu si wako. Umeazimwa. Mlee vizuri, na mwenyewe akimtaka, usimshike nguo." Neno lilikuwa lile lile kwa kila mtoto. Wanawake hawakuweza kumkataza, basi walibuni njia yao. Akifika pale kwenye "si wako" benchi lote la kina mama liliingiwa na kikohozi kikali, wakakohoa kwa pamoja mpaka neno lipite bila kumfikia mtoto. Mwalimu alidhani ni vumbi. Aliagiza sakafu imwagiwe maji kila Jumapili.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, Sidi, nilikuwa bado mwanafunzi wa Mwalimu hasa, mwenye kiburi cha ubatizo. Jumapili ile ya arubaini, kabla ya ibada, niliwaendea kina mama na kuwaomba wasikohoe. Niliwaambia mtoto wangu haogopi maneno. Wengine walinitazama vibaya, lakini walinitii. Mwalimu alisema neno lake kwenye kanisa lililonyamaza kimya, na alifurahi. Baadaye alimsifu mtu aliyemwagia sakafu maji.

Mvua kubwa zilikuja na mbu wake. Sidi alishikwa na homa siku ya Jumatatu na Alhamisi tukamzika. Alikuwa na miezi mitano. Zahanati waliandika malaria kwenye kadi yake, na kadi ile ninayo mpaka leo.

Mwalimu alikuja mazikoni akasimama upande wa kichwani, mkavu kabisa. Uso wake haukutikisika. Aliniambia, "Amerudishwa kwa mwenyewe, mayo." Mayo ni mama kwa lugha yetu, neno la mapenzi analoitwa hata binti mdogo. Nilimchukia papo hapo. Kama angelia kidogo tu nadhani nisingemchukia.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, hakuwa na haja ya kadi ya zahanati. Alikwenda mbele ya wazee wa kanisa na kusema kwamba Mwalimu alimwitia kifo mjukuu wake, na safari ile hakukohoa mtu. Wazee waliniita. Walikuwa wanne, na Mwalimu ameketi pembeni kofia magotini.

"Wewe ndiye mama wa mtoto," mkubwa wao alisema. "Unasemaje?"

Nilijua ilikuwa malaria. Nilijua pia nani aliyewazuia kina mama wasikohoe, na kati ya wanawake walioombwa hapana aliyetaka kunitaja. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema na sikusema hata moja. Niliinama tu. Wazee walikichukua kimya changu kuwa ushahidi, wakaamua Mwalimu aendelee na darasa la ubatizo lakini asimguse tena mtoto mchanga wala kusema neno la shukrani. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Mlangoni akavaa kofia, akaenda.

Ndiyo miaka minne niliyoitaja. Nilishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi, nikanyamaza, na mimba mbili zikatoka. Mavyaa alisema ni yale yale. Mimi nilianza kuogopa kwamba ni kweli, mimi mwanafunzi wa Wastoiko, na usiku na mchana niliona aibu ya kuogopa na aibu ya kunyamaza, sijui ipi ilikuwa nzito zaidi. Kitu kimoja sikukitambua mpaka baadaye sana: ng'ambo ya mihogo, asubuhi, palikuwa kimya.

Mimba ya tatu ilishika. Nikapata mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Alipokaribia arubaini, mume wangu alisema tumpeleke kwa pasta Malindi, yaishe. Nilimwambia nitampeleka kwanza kwa Mwalimu. Mavyaa aliketi chini mchangani na kukataa kuondoka njiani, na mimi nikamzunguka. Nilitaka kumpa Mwalimu yale maneno mawili niliyomnyima mbele ya wazee, na sikutaka kabisa atamke lake juu ya mwanangu. Yote mawili niliyataka kwa nguvu sawa.

Nilimkuta uani anaziba tairi. Alikuwa amezeeka. Mbuzi mweusi alikuwa amekufa kwa uzee wake, na baiskeli bado ipo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aliliweka tairi chini. "Marahaba, mayo. Marahaba."

Nikasema yote nikiwa nimesimama: kwamba ilikuwa malaria, kwamba ni mimi niliyewakataza kina mama wasikohoe, kwamba nilinyamaza kwa woga. Alinisikiliza ameshika gundi mkononi.

"Walikuwa wakikohoa makusudi?" aliuliza.

"Miaka yote, Mwalimu."

"Nami nikamwaga maji miaka yote."

Mama Mwalimu alicheka jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Kisha akatokeza kichwa mlangoni. "Mwambie na wewe," alisema. "Mwambie kwa nini husomi tena orodha yako. Tangu mazishi ya Sidi hajataja hata kuku."

Mwalimu aliweka gundi chini. Alizungumza polepole, bila sauti yake ya darasani.

"Mimi nilijua kwamba maneno hayaui, na bado ninajua. Lakini kila asubuhi nikisimama hapa ulimi unakataa. Na pale kaburini, mayo, nilikuwa nimeng'ata meno. Nilisema nikilia mimi, wote hawa watasema hata yeye haamini anayoyafundisha. Nikawapa Wastoiko heshima yao, wewe nikakuacha peke yako." Alimgeukia mkewe. "Jibu lako nimelipata, mama. Bwana alilia kwa sababu wale dada zake Lazaro walikuwa wanalia. Basi. Hakuna zaidi."

"Imekuwa Jumapili ndefu," Mama Mwalimu alisema, lakini alifuta macho kwa ncha ya leso.

Ndipo nikamfunua mtoto kanga yake. Nilimfunua kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Mwalimu alifuta vidole kwenye suruali, akamchukua, akamtazama. Alimtazama sana, yale mashavu, ile mikono yenye mikunjo. Alifungua mdomo. Jikoni nilimsikia Mama Mwalimu ameanza kukohoa, kikohozi kikubwa cha mtu aliyejiandaa.

Mwalimu alisubiri mpaka akamaliza. Kisha akamfunika mtoto uso kwa ile kanga, upesi, maana mgema alikuwa anapita njiani na alikuwa anachungulia.

"Kabaya haka," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tazama pua yake! Kabaya mno. Sijapata kuona."

Machozi yalimshuka mpaka ndevuni asiyafute. Nami nilikuwa nalia, na nikajibu kama anavyojibu kila mama wa Jilore.

"Kabaya kweli, Mwalimu," nikamwambia. "Hata mimi sijui tutamfanya nini."